Maigizo ya barabarani si kionjo cha kabla ya hotuba

Mhariri,

Kampeni ya chanjo, usafi au amani ikikaribia, vikundi vya maigizo vya Kisumu, Kakamega na Nakuru hupigiwa simu. Mazungumzo huwa mafupi: njooni Jumamosi saa nne, tunataka watu wasiopungua mia tatu, nauli na chakula cha mchana vipo. Haulizwi mtu mchezo utachezewa upande gani wa uwanja, lugha gani itumike, wala mvua ikinyesha nani atabeba hasara. Sisi ni waigizaji na waongozaji wa kazi hii katika ukanda huu, na tunaandika kwa jambo moja. Maigizo ya mitaani ni ufundi kamili wenye vifaa, vipimo na hatari zake, na anayeyakodi kama kelele ya kukusanyia watu kabla ya mgeni wa heshima kufika anatupa pesa zake. Rahisi huvunja upishi.

Tuanze na mahali, maana hapo ndipo mchezo huharibika kabla haujaanza. Ukumbini kuta na dari hurudisha sauti. Uwanjani sauti ikitoka imetoka. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hushuka kwa desibeli 6. Kwa hiyo maneno yanayosikika vizuri kwa mtu aliye mita 2 mbele ya mwigizaji yatakuwa yameshuka kwa desibeli 18 yakimfikia aliye mita 16, na hapo bodaboda moja tu inatosha kuyameza. Mwigizaji mchanga hujibu kwa kupiga kelele. Nusu saa baadaye sauti imekauka, na bado ana onyesho la pili alasiri.

Kisumu ina mtego wa ziada ambao wageni hawaujui. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, yaani kutoka magharibi, na alasiri jua nalo liko magharibi. Ukiwapanga watazamaji pale ambapo upepo utawapelekea sauti, jua litawapiga usoni na watoto wataanza kuondoka. Ukiwageuza walipe jua kisogo, upepo utaisukuma sauti nyuma ya mwigizaji. Asubuhi na mapema upande hubadilika lakini taabu ni ileile, kwa kuwa upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na jua linachomoza hukohuko. Ndiyo maana kikundi kinachojua kazi hutafuta jengo lililo magharibi mwa uwanja na kulipa mgongo. Ukuta huo unakinga upepo, unarudisha sauti mbele, na kivuli chake kinawafunika waigizaji pamoja na safu za kwanza. Kwa kukadiria, saa kumi jioni jua la Kisumu hubaki nyuzi 40 hivi juu ya upeo, na ukuta wa mita 6 hutoa kivuli cha mita 7. Kufikia saa kumi na moja kivuli hicho kinakaribia mita 13. Ukuta wa kibanda wa mita 3 hautoshi kitu mpaka jioni kabisa. Haya hayajulikani kwa simu. Lazima mtu aende uwanjani siku moja au mbili kabla, saa ileile ya onyesho, asimame, apige makofi, asikilize, atazame kivuli kinaishia wapi na lori la mchanga linapitia wapi. Hiyo ni siku ya kazi, na hatujaona bajeti inayoitaja.

Penye miti ni pazuri pia, na bustani kama Nyayo Gardens ya Nakuru na Muliro Gardens ya Kakamega zina faida hiyo. Ila mti na radi havipatani. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi zaidi duniani, na Kakamega hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,900 kwa mwaka, sehemu kubwa ikianguka alasiri. Mwezi wa Aprili na Mei onyesho la huko lipangwe liishe kabla ya saa nane mchana. Ngurumo ikisikika, mchezo usimame, watu watoke chini ya miti, nguzo za chuma za bango zilazwe, na pasiwe na kurudi mpaka dakika 30 zipite bila ngurumo nyingine. Mfadhili aliyekuja na kamera hulalamika. Alalamike.

Sasa duara. Watu hawaji kwa sababu umetangaza. Huja kwa sababu wameona wenzao wamesimama. Ngoma ianze dakika 10 hadi 15 kabla ya neno la kwanza, na waigizaji wawili wachore mstari kwa unga wa muhogo, majivu au chokaa, duara lenye upana wa mita 8. Mzingo wake ni mita 25, na kwa watu wawili kila mita safu ya kwanza inachukua 50. Safu tano zikijaa, kwa kuwa kila safu ya nje ni pana kuliko ya ndani, una zaidi ya watu 250, na wote wako ndani ya mita 8 au 9 kutoka katikati, umbali ambao sauti ya mtu bado ina nguvu. Chora duara la mita 15 na utaona watu haohao mia tatu wamekuwa safu tatu tu zenye mapengo, wakisukumana kusogea mbele mpaka mchezo umebanwa katikati bila mpango. Watoto wakae chini mbele kabisa, mstari wa pili uchuchumae, wengine wasimame. Mstari wa unga ukifutwa na miguu, mwigizaji mmoja auchore tena huku akiigiza. Tukio la mzee anayefagia au mama anayemwaga maji linatosha. Na tafadhali, hotuba isitangulie. Duara lililokusanywa kwa ngoma likipewa hotuba ya dakika 20 huvunjika, na halikusanyiki mara ya pili siku hiyo.

Maneno ya mchezo wa uwanjani ni machache. Sentensi ndefu hupotea. Sokoni Kibuye siku ya Jumapili utakuta Kijaluo, Kiluhya, Kisii na Kiswahili katika safu moja, kwa hiyo jambo lolote la maana lionekane kwanza kwa mwili, kisha lisemwe, kisha lirudiwe na mwigizaji wa upande wa pili wa duara aliyempa mwenzake mgongo. Ng'ambo ya duara kuna mtu anayekutazama kisogo muda wote. Mzunguko wa mwili kila baada ya sentensi mbili tatu ni sehemu ya mazoezi, wala hauji wenyewe. Mwigizaji wa ukumbini, hata aliyebobea kwenye jukwaa la Nakuru Players, huhitaji majuma kadhaa kuondoa mazoea ya kutazama upande mmoja.

Kuna aina moja ya kazi ambayo mashirika huiomba kwa jina bila kujua uzito wake: mchezo unaosimamishwa katikati ili mtazamaji aingie na kubadilisha mwenendo wa hadithi. Mbinu hiyo ilijengwa na Augusto Boal wa Brazil, na huku kwetu imeenea sana katika elimu ya afya. Sehemu ya kwanza ni dakika 15 hadi 20 na huishia kwenye tatizo lisilotatuliwa. Sehemu ya pili, mwezeshaji anapouliza na watu wanapoingia, haiwezi kuwa chini ya dakika 40, kwa sababu anayejitokeza kwanza huwa mcheshi wa mtaa na wa tatu au wa nne ndiye mwenye jambo lenyewe. Tukiambiwa tuyamalize yote kwa dakika 20, tunachokatwa ni yule wa nne. Ndugu yake wa karibu ni maigizo ya sumaku, yaliyotumika sana Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika elimu ya Ukimwi: mahali palepale, siku ileile, watazamaji walewale, mara kwa mara, ili mtu aliyesema wiki hii kwamba atajaribu aulizwe wiki nyingine ilikuwaje. Kuyafanya kwa siku moja katika kaunti tano ni kulipua kazi.

Vifaa navyo. Mironjo, ile miti mirefu ya kutembelea, hutengenezwa kwa mbao ya inchi 2 kwa 2 isiyo na fundo, yenye nyuzi zilizonyooka kutoka juu mpaka chini. Fundo likiwa karibu na kikanyagio, hapo ndipo mbao itakatika. Chini hukazwa kipande cha tairi kwa skrubu, kwa kuwa msumari hulegea kwa mtikisiko wa hatua. Mguu hufungwa kwa mikanda ya tyubu ya baiskeli, mmoja juu ya kifundo na mwingine chini ya goti, uliobana bila kuzuia damu. Anayejifunza aanze na sentimita 50 au 60, avae kinga za magoti na za viwiko, na afundishwe kuanguka kifudifudi kabla ya kufundishwa kucheza. Murram yenye kokoto huteleza kuliko nyasi, na udongo mweusi wa Ahero baada ya mvua humeza ncha ya mti. Sokoni tazama juu kwanza: nyaya za umeme za vibanda huning'inia chini kuliko unavyodhani. Kila anayetembea juu ya mironjo awe na msaidizi wa ardhini asiye na kazi nyingine yoyote.

Barakoa kubwa na vichwa vya vikaragosi hutengenezwa kwa karatasi za gazeti (la juzi, Mhariri, usikasirike) zilizobandikwa tabaka 5 hadi 7, kila tabaka likauke kabla ya lingine. Gundi ya unga wa ngano ni rahisi na hufaa Nakuru penye hewa kavu. Ukiipeleka Kakamega au Vihiga itaota ukungu, na stoo yoyote yenye mende itakuachia tundu kwenye pua. Heri gundi ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha vanishi ndani na nje, maana jasho huharibu barakoa kutoka ndani mapema kuliko mvua kutoka nje. Kila kitu kiingie ndani ya matatu au juu ya kibebeo chake bila kuzidi nguvu za watu wawili. Na moto: tunawasihi wenzetu waache kutema mafuta ya taa. Tone dogo likivutwa mapafuni huleta nimonia kali, na upepo wa uwanjani hugeuka ghafla.

Kuhusu sauti ya mwigizaji, maonyesho mawili kwa siku ndiyo kikomo. Mwili na koo vipashwe moto kwa dakika 20, maji yanywewe kidogo kidogo tangu asubuhi badala ya chupa nzima dakika ya mwisho. Mwenye mafua apewe nafasi ya ngoma. Peremende za kutia ganzi ni hatari, kwa vile huficha maumivu yanayokuambia nyamaza. Kikundi cha Kisumu kinachopanda Nakuru, kutoka mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari hadi kama 1,850, kitapungukiwa pumzi siku ya kwanza, hasa wanasarakasi, na vumbi la Januari na Februari litamaliza kazi. Ratiba inayowafikisha asubuhi na kuwaingiza uwanjani mchana imepangwa na mtu asiyewahi kupiga hata sarakasi moja.

Vibali. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inataka mkuu wa kituo cha polisi ajulishwe mkutano wa hadhara angalau siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla, na mkutano uwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Sheria hiyohiyo inaitenga mikutano ya kitamaduni na ya burudani na masharti hayo, na Ibara ya 33 ya Katiba inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Hata hivyo ushauri wetu ni kupeleka barua, kugongewa muhuri, na kumpa nakala mwigizaji atakayekuwa karibu na barabara, kwa sababu askari anayefika uwanjani hakuja na Katiba mfukoni. Wazee wa sanaa hii hawajasahau Kamirithu ya Limuru: jukwaa la wazi lililojengwa na wanakijiji wenyewe, mchezo ukafungwa na serikali mwaka huohuo wa 1977 baada ya wiki chache tu, na jukwaa likabomolewa 1982. Vipaza sauti vinahitaji kibali cha kelele, na uwanja wenyewe ni wa kaunti, ambayo kwa Jedwali la Nne la Katiba ndiyo yenye mamlaka juu ya utamaduni na burudani za umma. Tatizo letu na kaunti si ada. Ni kwamba ada hutajwa kwa mdomo na hubadilika kulingana na aliyeketi dirishani.

Tufike kwenye riziki, ambayo ndiyo inayofanya wengi waiache kazi wakiwa ndio kwanza wameiva. Kofia ya kukusanyia pesa kwa watazamaji inaweza kulipa nauli, haiwezi kulipa kodi ya nyumba. Ipitishwe kabla ya tukio la mwisho, watu wakiwa bado wanataka kujua mwisho. Ukingoja makofi, duara litakuwa limeyeyuka ndani ya dakika moja. Namba ya Pochi la Biashara la M-Pesa iandikwe kwenye ubao kwa herufi za sentimita 10, mwigizaji azunguke nao taratibu. Ziara za kuigiza vitabu vya fasihi vilivyoteuliwa kwa ajili ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ndizo zimekuwa mshahara wa vikundi vingi, lakini darasa la mwisho la 8-4-4, mfumo wa elimu unaoondoka, litafanya mtihani huo 2027. Kikundi kisichoanza sasa kutafuta soko lingine kitashtuka.

Waajiri wengi hudai ankara ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, ni haki yao, kisha hulipa baada ya miezi mitatu. Wakati huohuo mwigizaji asiye na ajira rasmi anatakiwa kulipa mchango wa bima ya afya ya umma, SHA, wa mwaka mzima mapema, asilimia 2.75 ya kipato na usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kwa mtu anayeruka na kudondoka ili aishi, bima si anasa. Nchini Ufaransa, msanii au fundi wa maonyesho akithibitisha saa 507 za kazi ndani ya miezi 12 hupata malipo ya kipindi asicho na kazi. Hatuombi serikali itunge hilo kesho. Tunataja tu kwamba kuna mahali wamekaa chini wakahesabu.

Na vikundi vyenyewe vijisahihishe. Tarehe 25 Februari 1545, huko Padua, Italia, waigizaji wanane walitia sahihi mkataba wa kuzunguka pamoja: wanunue farasi mmoja wa kubeba mizigo, mapato yawekwe kwenye sanduku lenye funguo tatu, na atakayeugua njiani atunzwe kwa pesa za sanduku hilo. Miaka karibu 500 baadaye kuna vikundi vya kwetu ambavyo pesa zote hupitia simu ya mwenyekiti, na mwenye goti lililovunjika huchangiwa kwenye WhatsApp. Akaunti yenye watia sahihi watatu, asilimia 10 ya kila malipo ikienda kwenye akiba ya matibabu kabla ya kugawana, ni jambo la kikao kimoja. Magoti hayadumu. Mwanasarakasi aanze kujifunza uwezeshaji, uongozaji au ushonaji wa maleba angali anaruka, asingoje daktari amwambie.

Kwa anayetaka kutukodi, mkataba wa haki una mambo haya. Siku ya kwenda kuona uwanja ilipwe, na siku tatu za mazoezi zilipwe hata kama ni kwa kiwango cha chini. Nusu ya pesa itangulie. Onyesho likiahirishwa siku yenyewe kabla ya kikundi kufika, nusu hiyo ibaki na nauli ilipwe. Mvua ikinyesha waigizaji wakiwa wamekwisha kuvaa na kujipaka rangi, malipo yawe kamili, kwa kuwa siku yao imekwisha kuuzwa. Salio lifike ndani ya siku 14. Hotuba iwe baada ya mchezo. Kaunti nazo zibandike ada ya kutumia kila uwanja na bustani langoni, kwa tarakimu, pamoja na jina la ofisi inayotoa risiti.

Waigizaji na waongozaji wa maigizo ya mitaani,
Kisumu, Kakamega na Nakuru